Kwa tunaoshinda mezani: nimehangaika na kiti miaka miwili, kumbe shingo ndiyo ilikuwa inapumua

Kalamu Butu (mtoa mada)

Wakuu, uzi ni mrefu. Mwenye haraka asome hapa juu, ya chini atayakuta akirudi.

Kazi yangu ni kuhariri nyaraka. Naingia asubuhi, nakaa, nafungua faili, nikija kushtuka mchana umeshakatika. Miaka kama miwili nyuma nikaanza kuumwa hapa kati ya shingo na bega la kulia, pale ambapo mtu akikuminya kwa kidole gumba unaruka. Mwanzo yalikuwa maumivu ya jioni, nikilala yanaisha. Yakahamia mchana. Mwisho nikawa naamka nayo, na kichwa kinagonga kuanzia kisogoni mpaka juu ya jicho.

Nilifanya yote ambayo kila mtu hufanya. Nikabadilisha kiti, nikabadilisha mto wa kulalia, nikaweka kimto cha kiunoni. Nikajilazimisha kukaa wima kama niko gwaride, ikawa ndiyo nimechochea, maana dakika arobaini hazipiti mgongo unawaka moto. Vidonge vya maumivu navyo tukazoeana.

Siku moja nikasema ngoja nijirekodi. Nikaegemeza simu pembeni ya meza, kamera inanitazama ubavuni, nikaiacha nusu saa nikaendelea na kazi. Nilitegemea kuona kibiongo. Kibiongo kilikuwepo, sikatai, ila kilichonishtua ni kifungo cha pili cha shati. Nikiwa nasoma kawaida, kifungo kinapanda na kushuka. Ikija sentensi ngumu, vidole viko juu ya kibodi, kifungo kinasimama. Tuli. Nikahesabu kwenye saa ya video: sekunde kumi na moja sijavuta hewa. Kisha inakuja pumzi moja fupi ya juujuu, tumbo halitikisiki, mabega ndiyo yanapanda. La kushoto linashuka. La kulia, lenye mkono wa kipanya, linashuka nusu. Pumzi inayofuata linapanda tena kutokea pale lilipoishia. Video inaisha bega liko karibu na sikio na mwenyewe sina habari.

Ndipo nikaanza kusoma. Msuli mkuu wa kupumua ni kiwambo, ule msuli mpana uliotandaa kama kuba kati ya kifua na tumbo. Ukikaza unashuka, hewa inaingia, tumbo linasogea mbele na mbavu za chini zinatanuka. Halafu kuna misuli ya akiba. Mingine iko pembeni mwa shingo, imeshikana na pingili za shingo kwa juu na mbavu mbili za kwanza kwa chini. Mwingine unatoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga. Hii inaitwa kazini ukikimbia au ukibanwa na pumu. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Chukua 15: saa nane za kazi ni pumzi 7,200. Zikiwa nyingi kati ya hizo zinavutwa na shingo, na shingo hiyohiyo imebeba kichwa cha kilo kama 5 kilichotoka mbele kufuata skrini, basi ina ajira mbili. Mimi nilikuwa nashughulika na kiti.

Nitakuja na nilichobadilisha. Wataalamu wapite wanirekebishe, mimi si daktari.

Mzee wa Jedwali

Mkuu heshima kwako, lakini mambo ya kupumua haya nayaogopa. Yanaanzaga hivihivi, mara tunaambiwa tufumbe macho tusikilize ulimwengu. Mimi nina miaka ishirini na mbili ya mahesabu. Mgongo unauma kwa sababu tunakaa. Kitu cha kukaa kikiwa kibovu unaumia, kikiwa kizuri huumii. Wewe ulinunua kiti kibaya, basi.

Kalamu Butu (mtoa mada)

Mzee wangu, nacheka maana nami nilianzia hapohapo. Kiti kilikuwa kizuri. Shida ni kwamba nilikuwa nakitumia sentimita kumi za mbele tu, egemeo lote liko nyuma linapigwa na upepo.

Hilo la kubana pumzi mbele ya skrini wala si ugunduzi wangu. Mwaka 2008 Linda Stone, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi Apple na Microsoft, aliandika kwamba alijikuta anazuia pumzi kila akifungua barua pepe, akaanza kuwachunguza wengine wakiwa kwenye kompyuta. Yake ni maangalizi tu, siyo utafiti wa maabara, na sitaki kuyapa uzito yasio nao. Ila jaribu leo: ukiwa katikati ya jedwali linalogoma kulingana, simama hapohapo ulivyo, usijipange, jiulize pumzi iko wapi. Uje utuambie.

Fundi Viungo

Nimeitwa huku na mdau. Kazi yangu ni fiziotherapia na watu wa mezani nawaona kila wiki, kwa hiyo naomba nafasi niseme kidogo, halafu niwaudhi wote wawili.

Mtoa mada, anatomia yako iko sawa. Niongeze tu kwamba kiwambo hakifanyi kazi ya hewa peke yake. Kimejishika kwenye mbavu za chini na pia kwenye pingili za juu za kiuno. Mwaka 1997 Paul Hodges na wenzake huko Australia walionyesha kwamba mtu akiinua mkono kwa ghafla, kiwambo kinakaza hata kabla mkono haujaondoka, kama vile mwili unajiwekea nguzo. Kwa hiyo pumzi na uimara wa kiuno vinakutana kwenye msuli mmoja. Hilo halina maana kwamba ukipumua vizuri mgongo utapona. Lina maana kwamba huwezi kuvitenga kama vyumba viwili.

Sasa Mzee wa Jedwali. "Kaa wima" ni ushauri uliotolewa kwa ujasiri kuliko ushahidi wake. Miaka ya 1960 Alf Nachemson, Msweden, alichomeka sindano ya kupimia kwenye diski za watu hai, zile pedi zilizo kati ya pingili za mgongo, akakuta kukaa kunaongeza shinikizo kuliko kusimama. Dunia nzima ikashika hilo. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake huko Ujerumani wakarudia kwa kifaa bora zaidi, kwa mtu mmoja aliyejitolea, wakakuta kukaa na kusimama havipishani sana, na shinikizo la chini kabisa kwenye kukaa lilikuwa pale mtu alipojilegeza nyuma kwenye kiti. Mtu mmoja si ushahidi wa kujengea nyumba, lakini inatosha kuacha kuwagombeza watu wazima kuhusu vibiongo vyao. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu ndani yake. Chakula kinaifikia kwa kupenya polepole, na kubanwa na kuachiwa kunasaidia maji kuingia na kutoka. Ukikaa wima saa tatu bila kutikisika unainyima vilevile kama aliyejikunja saa tatu.

Kwa hiyo nikimpokea mgonjwa siulizi sana anakaaje. Nauliza anakaa hivyo kwa muda gani bila kubadilisha.

Kitu kimoja hapa hamjakigusa, na ndicho chenye ushahidi mzuri kuliko vyote viwili: nguvu. Denmark, mwaka 2011, Lars Andersen na wenzake walichukua watu 198 wa ofisini wenye maumivu ya shingo na mabega. Kundi moja likafanya zoezi la mpira wa kuvuta dakika 2 kwa siku, kundi jingine dakika 12, siku tano kwa wiki, wiki kumi. Zoezi lenyewe ni moja tu: unakanyaga mpira, unashika ncha zake, unainua mikono pembeni mpaka usawa wa mabega, viwiko vimelegea kidogo, unashusha taratibu. Makundi yote mawili yalipata nafuu kuliko lile lisilofanya kitu. Dakika mbili! Watu wangu wa mezani wanatumia zaidi ya hapo kutafuta pembe nzuri ya kiti.

Binti Msimbo

Dada Fundi asante, hilo la dakika mbili nimelibeba. Mimi swali langu ni la kimaskini kidogo. Kiti cha ofisi sina. Nafanya kazi nyumbani na kompyuta mpakato juu ya meza ya kawaida, nyingine naifanyia kitandani. Hizi picha za mtu amekaa pembe tisini kila mahali hazinihusu. Nianzie wapi?

Kalamu Butu (mtoa mada)

Binti, mpakato ndiyo mtego wenyewe. Skrini na kibodi vimefungwa pamoja, kwa hiyo kimoja lazima kikose. Ukiiweka chini, mikono inafurahi shingo inainama. Ukiiinua, shingo inafurahi mabega yananing'inia hewani. Dawa ni kuvitenganisha. Panga vitabu vizito chini ya mpakato mpaka ukingo wa juu wa skrini ufike usawa wa macho au chini yake kidogo, halafu tafuta kibodi na kipanya vya pembeni, hata vya zamani. Skrini iwe mbali nawe kama urefu wa mkono ulionyooka. Kama unavaa miwani ya lenzi mbili, ya kusomea iko chini, shusha skrini zaidi, la sivyo utashinda umeinua kidevu.

Kilichonisaidia mimi kuliko vyote ni mikono. Mkono mmoja wa mtu ni kama asilimia 5 ya uzito wake. Mtu wa kilo 70, kila mkono ni kilo tatu na nusu, na ukiwa hewani unaning'inizwa na misuli ileile ya juu ya bega. Sogea karibu na meza mpaka sehemu kati ya kiwiko na kiganja ilale juu yake. Kama meza iko juu sana na bega linapanda, panda wewe: kalia mto, kisha weka kitu chini ya miguu ili nyayo zisielee. Kama kiti kina mikono, iwe urefu wa kukupokea kiwiko bila kukisukuma juu. Kipanya kiwe kando ya kibodi, karibu. Changu kilikuwa mbali nyuma ya rundo la makaratasi, na hilo bega lililokuwa linapanda ngazi ndilo lililokuwa linakifikia.

Kitandani sikushauri, ila najua utaendelea. Angalau egemeza mgongo ukutani, magoti juu, mpakato juu ya mto.

Mzee wa Jedwali

Nimerudi. Nilifanya ile ya mtoa mada ya kujikamata. Sitasema mengi. Nilikuwa natafuta tofauti ndogo ya hesabu, nikakumbuka uzi huu, nikakuta nimebana pumzi na nimeuma meno. Meno pia! Taya lilikuwa limekaza kama nimeshika kamba kwa mdomo. Endeleeni, nasoma.

Msafiri Kivuli

Mimi nataka kulalamika. Nilisoma mahali kuhusu kupumua kwa nguvu, nikafanya mezani pumzi thelathini za haraka haraka. Kichwa kikazunguka, vidole vikafa ganzi, midomo ikawa inachomachoma kama ina sindano. Nilidhani nakufa ofisini. Leo mnaniambia pumzi inasaidia?

Fundi Viungo

Ndugu pole sana, hukuwa unakufa. Ulitoa hewa ya kaboni dioksidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Ikishuka kwenye damu, damu inaegemea upande wa alikali, mishipa ya damu ya ubongo inabana kidogo, na neva zinakuwa nyepesi kushtuka. Ndiyo ganzi na sindano hizo. Ukiacha na kupumua kawaida inarudi yenyewe.

Ndiyo sababu nikifundisha watu wa mezani sisemi "vuta pumzi nyingi". Neno "nyingi" ndilo linalowaponza. Akiambiwa avute nyingi, mtu anainua kifua, anainua mabega, tumerudi tulikotoka. Nasema vuta kidogo, chini, taratibu, na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

Anza umelala chali, magoti yamekunjwa, nyayo sakafuni. Mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Vuta kwa pua kama sekunde nne, mkono wa chini ndio unyanyuke, wa juu ubaki kama umelala usingizi. Toa kwa kama sekunde sita, midomo imebanwa kama unapoza kijiko. Hiyo inakuletea pumzi kama sita kwa dakika. Fanya dakika tano. Ukiona kizunguzungu, unavuta hewa nyingi mno, punguza. Sababu ya kulala chali ni kwamba shingo haina kichwa cha kubeba, kwa hiyo haina kisingizio cha kujiingiza.

Likikubali hapo, kaa. Weka viganja pembeni mwa mbavu za chini, vidole gumba nyuma, vingine mbele. Pumua ukijaribu kusukuma viganja nje, na hasa vidole gumba. Wengi mbele panatoka, nyuma hapatoki kabisa. Akina dada wengi, na akina kaka wanaobana vitambi, tumbo halitoki kwa sababu limeingizwa ndani tangu asubuhi. Legeza mkanda tundu moja.

Wenye pumu kali, ugonjwa wa moyo, au waliowahi kupata hofu ya ghafla wakifuatilia pumzi zao: anza ukiwa na mtu anayejua, usijifundishe hapa.

Binti Msimbo

Hapo pa tumbo umenipiga dada. Nimejigundua nabana tumbo hata nikiwa peke yangu chumbani. Nani ananiangalia?

Mwenye Meza Ndefu

Wakuu mnazunguka. Nunueni meza za kusimamia, habari iishe. Mimi mwaka wa pili huu.

Fundi Viungo

Ndugu, na miguu je? Nauliza kwa sababu waliohamia kusimama siku nzima nao nawapokea, ila wanakuja na visigino na mishipa ya miguuni. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, mwaka 2018 yalikuta meza hizo zinapunguza kukaa kazini kwa kama dakika 100 kwa siku katika miezi ya mwanzo, na punguzo linapungua baadaye. Sina ugomvi nazo. Ila thamani yake ni ile lifti ya kupanda na kushuka, na wengi wakishaipandisha wanasahau kama ina kitufe.

Mwenye Meza Ndefu

Ya kwangu haishuki. 😅

Msomi Mstaafu

Niwatoe nje ya mada kidogo, mtanisamehe, ni tabia yangu. Mnalalamikia kompyuta, lakini zaidi ya miaka mia tatu iliyopita daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliyeandika kuhusu magonjwa ya kila kazi, alifika kwa makarani. Akataja sababu tatu: kukaa muda wote, mkono kwenda uelekeo mmoja bila kupumzika, na akili kubanwa isikosee. Alimtaja mwandishi wa mikataba ambaye mkono wa kulia ulimchoka mpaka ukafa, akajifunza kuandika kwa wa kushoto, na wa kushoto nao ukaanza. Hakukuwa na skrini wala kipanya.

Hiyo sababu ya tatu ndiyo inayonirudisha kwenye uzi. Mtoa mada kifungo chake hakikusimama kwa ajili ya kiti, kilisimama kwenye sentensi ngumu.

Kalamu Butu (mtoa mada)

Mzee wangu hujatoka nje ya mada hata kidogo.

Tarakimu Sita

Samahani kwa kuchelewa. Mimi siyo shingo, ni vidole. Usiku naamka mkono wa kulia umekufa ganzi, naukung'uta ndiyo unarudi. Hii nayo ni pumzi?

Fundi Viungo

Hapana, na asante kwa kuuliza, maana uzi ukiwa mtamu kila ugonjwa unaingizwa ndani yake. Angalia ni vidole vipi. Ikiwa ni gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, na inakuamsha usiku, inaelekea ni neva inayopita kwenye njia nyembamba ya kifundo cha mkono imebanwa. Usilale umekunja kifundo, na ukichapa kisipinde kwenda juu. Vile vimiguu vya nyuma ya kibodi vikunje. Ikiwa ni kidole kidogo na nusu nyingine ya cha pete, tazama kiwiko: pengine unakiegemeza kwenye ukingo mkali wa meza, au unashika simu sikioni muda mrefu umekikunja. Vyovyote, ukiona misuli ya chini ya kidole gumba inapungua, au vitu vinakuponyoka, nenda ukapimwe, usisubiri.

Na kwa kuwa nimefika hapo, niseme yale ambayo hayasubiri mazoezi kabisa. Maumivu ya mgongo pamoja na ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au mkojo na haja kubwa kukataa kutoka au kutoka vyenyewe, au mguu unaozidi kulegea: ni hospitali siku hiyohiyo. Maumivu yenye homa, kukonda bila sababu, yaliyoanza baada ya kuanguka, au kwa mtu aliyewahi kuugua saratani: daktari kwanza. Maumivu ya kifua yanayokwenda kwenye taya au mkono wa kushoto, hasa ukitembea, hayo si bega la kipanya. Waliobaki, ambao ndio wengi, wana maumivu yasiyo na chanzo kimoja cha kuonyesha kwa kidole. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 619 waliokuwa na maumivu ya chini ya mgongo mwaka 2020, na linakadiria watafika milioni 843 mwaka 2050. Wengi wao picha ya eksirei haitawaambia kitu.

Msafiri Kivuli

Kwa hiyo mtoa mada wewe sasa unafanyaje siku nzima? Maana ulituahidi.

Kalamu Butu (mtoa mada)

Kweli, nadaiwa.

Asubuhi kabla sijainuka kitandani, zile dakika tano za kulala chali. Sizipendi. Nazifanya kwa sababu nikiziruka, mchana najua.

Mezani nilijaribu kengele ya simu kila nusu saa, ikanishinda siku ya tatu. Inalia uko katikati ya wazo, unaizima kwa hasira. Nikahamishia kwenye vitu ambavyo vipo tayari. Kila nikibonyeza kutuma barua, natoa pumzi ndefu moja kabla ya kufungua nyingine. Kila faili linapofunguka polepole, badala ya kukodolea kile kiduara kinachozunguka, naegemea nyuma, mgongo unagusa kiti, naangalia kitu cha mbali. Simu ikiita nasimama. Maji naweka chupa ndogo makusudi, iishe haraka, niende kujaza.

Nikijikuta nimekwama kwenye sentensi na kifungo kimesimama, navuta kwa pua mara mbili mfululizo, ya pili ndogo juu ya ya kwanza, halafu natoa kwa mdomo mpaka iishe. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu namna hiyo, dakika tano kwa siku kwa mwezi mmoja, na washiriki wakawa na hisia nzuri zaidi na wakapumua polepole zaidi. Walipima hisia, hawakupima shingo, kwa hiyo msiseme nimesema inatibu shingo. Kwangu kazi yake ni nyingine: siwezi kutoa pumzi ndefu hivyo huku bega limepanda. Likiwa juu, nalisikia linashuka. Lisiposikika kushuka, najua halikuwa juu. Imekuwa kipimo changu.

Mpira wa dada Fundi nimeanza wiki ya sita hii. Wiki ya kwanza mabega yaliuma maumivu mapya nikataka kuacha. Sasa hivi ndicho kitu ambacho nikiambiwa nichague kimoja nitabaki nacho.

Maumivu hayajaisha. Yamerudi kuwa ya jioni, tena si kila jioni. Wiki ya kufunga kazi kubwa yanarudi mchana, na mimi sitegemei tena yasirudi.

Mzee wa Jedwali

Na ile video ulirudia?

Kalamu Butu (mtoa mada)

Nilirudia juzi. Kifungo bado kinasimama, mzee wangu. Sekunde nne, tano, halafu kinaendelea. Bega la kulia linapanda, ila safari hii linashuka mpaka chini. Kuna mahali karibu na dakika ya ishirini najiona nimetoa pumzi kubwa na nimeegemea nyuma, na sikumbuki kufanya hivyo.

Mzee wa Jedwali

Simu niiweke upande gani?

Kalamu Butu (mtoa mada)

Upande wa mkono wa kipanya, usawa wa kifua, mbali kama hatua moja. Na vaa shati lenye vifungo, mzee, fulana haionyeshi.